Mikono Mfukoni

Velga alinifunza mimi kwanza, kabla ya mtoto:
"Dzidra, mikono mfukoni."
Yeye ndiye mwenye cheti cha kufundisha fimbo nyeupe.
Mimi msaidizi wa darasa, nafunga zipu, natafuta glavu.
Mwalimu wa hesabu tumemwomba jambo moja tu:
asihamishe madawati.

Leo theluji imeifunika Riga,
imemeza vigae vya vinundu, imeziba hata mwangwi wa kuta.
Raitis, miaka kumi na mmoja, anagonga,
tk, tk,
kisha kimya cha pamba.
Amepotea. Naliona bega lake likiniuliza.
Velga, hatua saba nyuma, ameuma ulimi.

Tiketi ya tramu mfukoni mwangu
nimeisokota mpaka imekuwa uzi.

Mtoto anainua uso. Ananusa.
"Mkate mweusi. Duka liko kushoto.
Na tramu inalia pale konani.
Basi shule ni huku."
Anakwenda, anakosea lango moja,
anaiomba nguzo radhi, anakwenda.

Jioni najaza ripoti.
Penye "msaada uliotolewa"
naandika: hakuna.
Halafu navinyoosha vidole, kimoja kimoja,
vinauma kama vya mtu aliyebeba.