Ngazi Yenye Droo

Meza ya watu kumi na wawili ilikwenda kwa jirani.
Froukje hakulia siku hiyo. Alilia kesho yake,
kwa kijiko.

Sasa kila kidato cha ngazi ni droo:
soksi, barua, nyundo, majani ya chai.
Dirisha limekatwa usawa wa mto wa kulalia;
bata wa mfereji wa Sneek
hupita karibu na sikio.

Ila hakuna chumba cha kununia.
Juzi waligombana. Sjoerd akatafuta mlango wa kubamiza,
akapata mmoja tu,
akajikuta nje, thelujini, na kandambili.

Kutoka hapo aliiona nyumba nzima kwa mara moja:
taa, birika,
mkono wa mkewe ukivuta kidato cha tatu,
ukitoa vikombe viwili.