Miaka Minne ya Wino

Mimi ndiye niliyemzeesha Jhorna.
Si jua la kisiwa cha mchanga, si jembe, si njaa:
ni kalamu yangu ya buluu, Jumanne moja,
kabla ya chai ya saa nne.

Mofazzal aliingia ofisini na matope hadi magotini,
cheti cha bintiye amekiviringisha ndani ya mfuko wa mbolea.
Hakuomba. Alihesabu.
Shamba la kwanza Mto Tista ulilichukua mwaka wa gharika,
la pili ukalila usiku, pamoja na choo na migomba mitatu.
Sasa nyumba imesimama juu ya ardhi ya shemeji,
na shemeji ameanza kukohoa
kikohozi cha mtu anayetaka nafasi yake.

"Huku kwetu," akasema, kana kwamba mimi nimezaliwa mwezini,
"baba wa binti ndiye anayelipa.
Wa miaka kumi na minne: taka elfu thelathini na baiskeli.
Wa kumi na minane: laki moja na pikipiki,
na bado wataniuliza alikuwa akingoja nini."

Nikamtajia shule.
Akacheka bila meno kuonekana.
Shule iko ng'ambo; mtumbwi taka ishirini kwenda,
ishirini kurudi,
na pale gatini kuna kibanda cha kuchaji simu
na vijana wasio na kazi wala haya.
Mmoja alimpiga picha Jhorna akicheka.
Picha ilivuka mto kabla yake.
Magharibi ilipoingia ilikuwa imefika msikitini,
na mama yake alipokwenda kuteka maji
wanawake walinyamaza.
Mtoto alikuwa amecheka tu,
kalamu ya rafiki imevuja wino kwenye pua.

Basi nikachukua fomu mpya.
Mahali pa tisa nikaandika tano.
Muhuri ukalia, tap.

Fedha sikupokea. Nilipokea bata.
Jike, mweupe, mwenye kelele;
akatutagia msimu mzima,
na binti yangu Tahmina, aliyezaliwa mwezi mmoja na Jhorna,
akala mayai yale kila asubuhi ya mtihani.
Sasa anasoma mjini. Ananiandikia kuhusu mifupa,
majina yake mia mbili na sita.

Ya huko kwa mumewe nilisimuliwa na mhudumu wa afya,
yule anayezunguka na mwavuli na mkoba wa vidonge.
Kila akifika, mama mkwe ameketi kizingitini
akichambua dengu.
"Azae kwanza," anasema, "ndipo atatulia,
na mwanangu naye atatulia, asikimbilie viwandani Dhaka."
Mhudumu huacha salamu, na vidonge huondoka navyo.

Alirudi mwezi uliopita, mbele ya dirisha langu,
kichanga kifuani ndani ya shali nyekundu.
Uso wake ulikuwa na rangi ya maji ya mchele.
Alisimama kama mtu anayeogopa kukaa
kwa sababu atashindwa kuinuka.
Nikasoma fomu kwa sauti, kwa mazoea:
jina la mama, kijiji cha mama,
umri wa mama.

"Andika ule ulionipa."

Nikaandika kumi na tisa.
Akaitazama kalamu, si mimi,
akauliza kwa upole kabisa, kama anayeuliza bei ya chumvi:
"Hiyo, hurudi nyuma pia?"

Kichanga kilikuwa cha kike.
Tarehe yake nikaikandamiza hadi ikapenya kurasa tatu za chini,
siku, mwezi, mwaka,
asije mtu akaifuta kwa bata.
Lakini mtu huyo ni nani, kama si mimi?
Fomu mpya zimo kwenye droo ya kushoto.
Ufunguo ninao shingoni.
Na Tista, tangu juzi, unapanda.