Sumaku

Tarehe tisa Machi, taa za Morocco zilikuwa nyekundu
na mimi nimesimama, kama sheria inavyotaka.
Fuso la mchanga halikusimama.
Kishindo sikukisikia. Nilisikia mayai,
trei mbili kiti cha nyuma,
yakisema neno moja kwa pamoja.

Bima ya mwenye Fuso ilitengeneza, siikani.
Buti jipya, bampa jipya, taa ya kushoto:
milioni mbili na laki nne, risiti ninazo.
Fundi Chambulikasi wa Gerezani alichanganya rangi ya fedha
mpaka mpya ikasahau kuwa si ya zamani,
akanisimamisha kwenye jua la saa saba:
"Mama Tumpe, nioneshe palipopigwa."
Sikupaona. Nikampa na ya soda.

Kisha Chanika ikaniita. Kuta ziko wima, hazina kofia.
Nikasema niiuze Raum, ninunue bati.
Kabla ya Machi jirani yangu Bi. Nasemba
alikuwa akiitaka kwa kumi na moja,
kila asubuhi akiniamkia kwa bei.
Baada ya Machi aliniamkia kwa shikamoo tu.

Akaja dalali Mbaruku na kandambili zake.
Hakufungua boneti. Hakuwasha injini.
Alitoa mfukoni sumaku ya spika ya redio,
imevishwa kitambaa cha miwani isikwaruze,
akaitembeza mlangoni: ikashika.
Juu ya tairi: ikashika.
Nyuma, pale nilipodanganywa na jua,
ikateleza, ikaanguka kwenye kokoto
kama shahidi aliyemaliza.
"Puti," akasema. "Hii imekula kitu. Saba na nusu."
"Lakini imetengenezwa!"
"Ndiyo maana nimesema saba na nusu."

Milioni tatu na nusu.
Hazikuchukuliwa na mwizi, hazikuanguka njiani,
ila ni paa la upande wa kusini, bati na misumari yake.

Posta, ghorofa ya sita, Bwana Lyakurwa wa madai:
"Gari lilivunjika, tumeliunga. Tumemalizana."
Fomu yake ina kisanduku cha mlango, cha kioo, cha kuvuta gari,
hata cha "mengineyo", upana wa kidole.
Cha bei iliyopotea hakipo.
Nikamwambia: mimi fundi cherehani.
Nikiliunguza gauni la mtu kwa pasi
simrudishii lenye kiraka nikasema tuko sawa,
hata kiraka kikikaa kama kimezaliwa hapo.
"Bei ni maneno ya madalali, mama.
Sisi tunalipa vinavyoonekana."

Ndipo nikatoa sumaku.
(Mbaruku aliniuzia elfu mbili; dalali hatoi bure.)
Ikadaka kabati lake la chuma kwa pupa,
ikabaki hapo tukitazamana nayo.
Nikamwomba tushuke.

Kwenye maegesho, tai shingoni, jasho likimtoka,
alijaribu mwenyewe. Mara tatu.
Ya tatu aliidaka kabla haijaanguka,
kama anayemziba mtoto mdomo mbele ya wageni.
"Ofisi iache huko juu, baba.
Una hela mkononi, unamtafutia mkeo gari.
Hili ungenipa ngapi?"
Akalizunguka. Akalipiga tairi teke,
sijui wanaume husikia nini kwenye tairi.
"Saba," akasema.

Kisha akajisikia.
Mlinzi wa geti naye alisikia, akageuza uso, mabega yakimcheka.
Hata Mbaruku aliongeza nusu.

Chaki ya kukatia vitambaa hainiishi mkobani.
Niliandika 7 juu ya buti, na saa, na tarehe,
nikapiga picha yeye akiwa bado kasimama kando.

Sasa nimekaa tena kwenye benchi la ghorofa ya sita.
Vuli imeshaanza kunguruma, nayo haisomi barua.
Wamenipa fomu ileile.
Nilipofika "mengineyo" nikaigeuza:
nyuma ni nyeupe, yote.
Naandika.