Limelalia Kushoto

Nililipa nusu kwanza, nusu siku ya funguo.
Brekke akanipa mkono, na kalenda ya karakana yake.
Wiki ya pili mvua ya Duluth ikapenya paa
ikaingia sufuriani.
Supu ya samaki haikuwa imeomba maji.

Jiko likiwaka, friji linazima.
Friji likiwaka, taa zinakonyeza kama mlevi.
Na gari zima limelalia kushoto:
ukiweka yai mezani, ujue ni la sakafu.

"Njia zipo," akasema Wakili Maijala,
akichonga penseli isiyohitaji kuchongwa.
Mrudishie gari, udai fedha zako zote.
Au baki nalo, udai pengo
kati ya ulichoahidiwa na ulichopewa.
Au mpe nafasi atengeneze, kwa barua, si kwa simu.
Kisha akakigusa kifungu cha kumi na nne,
herufi ndogo kama mbegu za haradali:
mgogoro wowote utasuluhishwa mjini kwake Brekke.
Sahihi iliyo chini ni yangu. Nzuri, hata mkia umejikunja.

Mali bila daftari hupotea bila habari.
Mimi daftari ninalo: risiti, picha, tarehe ya kila tone,
na fundi wa nje aliyeweka pimamaji juu ya meza,
akanyamaza, akaandika: sentimita sita.

Usiku huu naandika. "Bwana Brekke, una siku thelathini."
Kalamu imebingirika kushoto,
imeanguka.
Nimeiokota. Naendelea, ndani ya gari hilohilo,
goti langu ndilo kabari ya meza.