Swali la Saba

Cheptais, darasa la nne, mvua inapiga bati.
Nimefika na dodoso na vumbi la jana kooni.
Swali la saba: Lugha ya nyumbani? Tia alama moja.

Chemtai ananiuliza: nyumbani saa ngapi?
Alfajiri ng'ombe hukamuliwa kwa Kisabaoti,
sokoni mama husifu vitunguu kwa Kibukusu,
deni hudaiwa kwa Kiswahili,
na baba wa kambo husali Kiteso, polepole.

Mwalimu Wekhomo ananong'ona:
"Andika Kiswahili, tumalize."

Chemtai kashachukua kalamu yangu.
Anachora kisanduku chake pembeni,
kikubwa, kimepinda,
analiandika jina lake humo.

Jioni, Kisumu, kompyuta ilimsoma hivi:
hakujibu.