Jikaze

Mashine ilikuja kwa bajaji kutoka Bombo,
imefungwa kanga ya nesi kama mtoto mchanga.
Tukaiweka maabara ya kemia,
juu ya meza yenye kovu la asidi,
maana ndiko kwenye soketi inayokubali.

Vijana thelathini na wawili, vifua wazi, foleni mpaka bombani.
Wasichana nyuma ya shuka la bweni.
"Sista, hayo si mafuta ya kukaangia?"
Nesi Hozza hacheki. Anabana vibanio, mkono, mkono, mguu, mguu:
"Lala kama mtu ambaye hajatumwa kitu."
Karatasi inatoka, ya waridi, ina vijumba kama daftari la hesabu,
na moyo unaandika insha yake bila kufuta.

Mimi nina saa ya mbio. Mwaka wa kumi na moja sasa.
Najua mia nane ya kila mtoto hapa.
Shekiondo wa Mikanjuni: moja, hamsini na sita,
peku, kwenye nyasi, na kona ya tatu ina shimo la fuko.

Namjua pia Kaniki.
Mwaka juzi, robo fainali, hakuna aliyemgusa.
Aliinama kama anayefunga kamba ya kiatu
na hakuwa na kiatu.
Wengine walisema jua. Wengine, amechezewa;
bibi mmoja wa Duga akamtaja jirani, jirani akahama.
Mimi sikusema kitu. Filimbi ilikuwa mdomoni.

Barua tatu niliziandika halmashauri.
Ya nne niliipeleka mwenyewe, nikakaa kwenye benchi lao
mpaka mfagizi akanizoea.

Karatasi ya Shekiondo nesi aliitazama mara mbili.
Akamlaza tena. Akabadili vibanio.
Kisha akaniita dirishani, kwa sauti ya mtu
anayehesabu chenji ya mwenzake:
"Huenda msuli umenenepa. Ukuta wa katikati.
Mpaka apigwe picha Dar ndipo tutajua.
Ila asikimbie. Hata kuwahi kengele."

Msuli umenenepa.
Na nani alikuwa akipiga kelele pale kona ya tatu,
jikaze, mwanangu, jikaze!
Miguu ilinisikia siku moja moja.
Moyo ulinisikia kila siku.
Ukajikaza, ukajikaza,
mpaka nyumba ya damu ikawa kuta tupu,
mgeni akiingia hana pa kugeukia.

(Nesi anasema si mimi. Ni ya kuzaliwa nayo, ya ukoo,
labda ni ya baba yake, aliyeangukia kwenye mkonge Pongwe
na thelathini na nne zake, watu wakasema presha.
Namshukuru. Usiku simwamini.)

Nilimwambia nyuma ya jiko la shule.
"Leo tu?" akauliza.
Halafu: "Lakini Mwalimu, mimi siumwi."
Kweli haumwi.
Angekuwa anaumwa ningejua la kusema.

Mama yake alikuja Ijumaa, Bi Mwanamkasi,
hakukaa kwenye kiti nilichomvutia.
Nauli ya Dar, nani?
Na ile nafasi ya Kibaha, Mwalimu,
si ilikuwa ya miguu, haikuwa ya kichwa?
Umenirudishia mtoto, sawa. Umenirudishia na umasikini wake.
Alipoondoka niliona ameacha mfuko wa machungwa mlangoni.
Sijui kama aliusahau.

Shekiondo hanisalimii.
Anapita na vitabu, polepole,
polepole kiasi cha kunitukana.

Jana mazoezi. Singano, kidato cha pili, mapafu ya kuazima,
akaja kona ya tatu kinywa wazi,
na lile neno likanipanda kooni.
Nikalimeza. Nikabaki na "Njoo. Njoo. Njoo tu."
Akavuka mstari, nikabonyeza,
na kabla sijatazama, sauti kutoka juu ya ukuta,
miguu miwili inaning'inia, haina saa:
"Mbili na sita. Amepoteza kwenye shimo."

Nikatazama.
Mbili na sita.