Kona Iliyoliwa na Panya

Zulia la Kiajemi lilifika dukani kwa Bwana Jafferali
kabla sijazaliwa: deni la Mgiriki wa tumbaku
aliyeondoka Iringa na sanduku moja na mbwa.
Nililikuta limekunjwa juu ya magunia ya chumvi,
linanuka mafuta ya taa,
na panya walishaanza kona.

Ilikuwa Julai, ukungu umelala Gangilonga hadi saa nne.
Tulitoka Ifunda na vikapu vya milulu,
kumi na viwili, kimoja ndani ya kingine.
Bwana Jafferali hakuvitazama.
"Sekalinga," akasema, "wewe una mikono. Hii unaiweza?"

Mama hakuangalia maua.
Alilipindua kifudifudi kama mtoto anayetafutwa upele,
akasoma mgongo kwa ncha ya kidole:
mtande, mshindio,
na kati yao mafundo, mafundo,
madogo kama mbegu za ulezi.
Alihesabu yaliyoenea upana wa kidole gumba.
Akapotea. Akaanza tena.
"Kamwene," akaliambia,
kama mtu aliyekutana na mtu njiani.

Karibu na pindo palikuwa na ua la petali nne.
Wenzake wote, tano.
"Hilo ni la makusudi," Bwana Jafferali akasema.
"Marehemu baba alinieleza: mfumaji huacha kosa moja
kwa sababu ukamilifu ni wa Mungu."
Mama alicheka hadi akashika nguzo.
"Makusudi gani? Hapa mtoto alilia.
Tazama, fundo hili limekazwa, hili limelegea,
haya matatu yamekimbia.
Aliinuka, akanyonyesha, akarudi,
hesabu ikawa imemtoroka.
Mungu amekamilika bila kusaidiwa na sisi."

Sasa, sufi nyekundu ya namna ile utaipata wapi Iringa?
Nyuzi za sokoni zilikuwa za nailoni, zinang'aa kama pipi.
Mama akaniangalia.
Yaani, aliangalia sweta langu la shule,
rangi ya damu ya mzee.

Alianza na mkono wa kushoto.
Uzi ulitoka umejikunjakunja,
bado unakumbuka umbo la kiwiko.
Aliuchemsha na mizizi ya mdaa kuua upya wake,
na magome ambayo jina lake hakunitajia, hata leo.
Mtambo hakuwa nao; akasimamisha fremu ya kitanda ukutani.
Shazia ya kushonea magunia
aliinoa juu ya jiwe hadi ikawa nyembamba kama mwiba.

Jioni kumi na tisa.
Mimi nilishika koroboi, nimejitanda kanga yake,
meno yakigongana.
Akikosea aliguna, akafumua, hakulaumu mtu.
Shuleni mwalimu Mwakipesile alinichapa mbili kwa kukosa sweta.
Nikamwambia limekuwa zulia.
Akaongeza ya tatu.

Tulipolirudisha, Bwana Jafferali alipitisha kiganja
mara nne, tano, asipate mpaka.
Akatoa noti nyingine mezani:
"Basi lirekebishe na lile ua. Petali moja tu."
Mama alikuwa ameshaanza kufunga khanga kiunoni.
"Lile si langu," akasema.
"Mimi niliitwa kwa ajili ya panya."

Vikapu alivinunua vyote, safari hiyo.
Njiani mama alininunulia sweta la mtumba,
rangi ya bluu, la kike, vifungo upande usio wake.
Nililivaa mpaka darasa la saba.

Duka sasa linauza simu.
Zulia lilikwenda na watoto wa Bwana Jafferali,
wengine wanasema Toronto, wengine Muskati.
Popote lilipo, watu wanavua viatu mlangoni,
wanaweka trei ya chai,
na mgeni akinyoosha miguu kuelekea ile kona,
anakanyaga kiwiko changu.